Karani Anakagua Mizigo

Simu ilisema wameshapita Same. Karani hakujali.
Alikuwa juu ya gunia la mahindi, macho nusu,
sikio moja limechanika tangu ugomvi wa mwaka juzi,
mkia unaning'inia kama kamba ya kengele
ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuivuta.

Lakini gari lilipokunja kona ya kanisa, hapa Kidia,
alishuka, akajinyoosha mbele, kisha nyuma,
akaenda kusimama getini.
Begi la kaka Ndewirwo alilinusa pande zote nne.
La wifi Aikaeli alilipiga muhuri.
Samahani, wifi. Tulikwambia usiliweke chini.

Mwaka huu wamekuja na wa kwao.
Anaitwa Sukari, mweupe, kikapu chake kina mlango,
ana kadi ya chanjo, ana blanketi,
chakula chake kinatoka kwenye paketi yenye picha ya ndugu yake.
Maisha yake yote ni Mbezi, ghorofa ya tatu.
Alikanyaga nyasi zenye umande, akainua mguu,
akaukung'uta, akatutazama mmoja mmoja
kama mtu aliyeuziwa kiwanja mtoni.

Mama akauliza: na huyu naye amekuja kuhesabiwa?

Watoto walisimamisha tawi la mkrismasi kwenye ndoo,
wakalibandika pamba, eti theluji,
na Kibo ipo palepale dirishani, haikuulizwa.
Usiku ule Bahasha, yule mdogo wa njano,
asiyeweza kukiona kitu kinaning'inia akakiacha kining'inie,
alipanda hadi kwenye nyota.
Tawi, ndoo, nyota, Bahasha: wote chini.
Asubuhi alikuwa na pamba kwenye masharubu
na uso wa mtu aliyeshinda Himo.

Mama Nane hakuonekana tangu juzi yake.
Tulimwita kwa sufuria, tukamwita kwa dagaa.
Alfajiri ya Krismasi, kengele ya kwanza,
kaka Ndewirwo alifungua begi atoe suti,
suti ya kijivu, ya fundi wa Kariakoo,
tuliyosimuliwa kwa simu tangu mwezi wa tisa,
akanyamaza.
Kaka hanyamazagi. Tukaenda kutazama.

Wanne. Vipofu, wabichi, wanatafuta ziwa
kando ya tai.
Mama Nane alitutazama mara moja, akafumba macho.
Kikao kimefungwa.

Basi kaka akavaa koti la marehemu baba,
mikono imeishia njiani,
na baada ya ibada wazee wenye mtoto wa jicho
walimshika mkono wakimwita kwa jina la baba.
Kaka akaitika.

Mchana mbuzi aligawiwa kwa desturi:
kidari cha nani, mguu wa nani,
watu wazima wanabishana kwa heshima na kisu kinasubiri.
Karani hakubishana.
Fungu la kaka lilikuwa juu ya jani la mgomba.
Halafu likawa jani la mgomba.

Tulimkuta kihambani, nyuma ya shina la tatu,
na pembeni yake, matope hadi tumboni, Sukari,
masikio yamelala nyuma, anang'wafua figo mbichi
na kuunguruma kwa sauti ambayo wifi
aliapa si ya paka wake.
"Paka wa nyumba haingwa," alisema mama,
akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Tarehe ishirini na nane, kumrudisha Sukari kikapuni:
watu wanne, taulo moja, plasta mbili.
Suti imebaki. Wanaifumbulia macho, mmoja mmoja.

Gari lilikunja kona ya kanisa.
Ukungu ukashuka, ukala migomba, ukala geti,
na Karani bado amekaa pale, anatazama barabara.
Nikasema, mama, jamani, amewakumbuka.
"Huyo? Anamngoja mbuzi."
Akazima taa ya nje.
Alipofika chumbani kwake akarudi, akaiwasha.