Visahani Arobaini

Chumba namba tisa, Dundee. Saa mbili asubuhi na bado ni usiku.
Nimevipanga visahani arobaini vya kijazio,
rangi ya jino, wembamba wa kifungo cha shati.
Kumi nimevitia majini. Kumi kwenye siki ya tufaha.
Ishirini kwenye kile kinywaji cha vitamini,
kile cha machungwa, kinachotoa povu na kunong'ona glasini.

Dakika tano, mara mbili kwa siku. Kisha navisuuza,
navirudisha kwenye mate yaliyotengenezwa maabara.
Siku ya thelathini sindano ya mashine inavipitia
na kuchora mstari: vilima, mabonde,
pale palipokuwa kioo.
"Andika namba, Mwanakheri," anasema Profesa Abernethy,
"usiandike huzuni."
Nikaandika namba.

Lakini mimi mwenyewe, tangu Oktoba,
jua la huku lilipoondoka bila kuaga
na daktari akaniambia damu yangu ina njaa ya mwanga,
nakunywa kile kile, kila alfajiri,
wima, koti mabegani.
Ulimi hauna mfupa, ila kusoma unajua:
unalirudia gego la chini, la kushoto,
alilolijaza Bi Fairweather mwaka juzi
likawa laini kama yai lililomenywa,
na leo unakuta mchanga.

Haba na haba, tulifunzwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa ni nani hukipunguza.

Kesho nitatumia mrija. Nitasukutua kwa maji.
Au nitasema hivyo,
kisha nisikie povu likiniita.