Daftari la Chavakali

Mia nne na kumi na mbili.
Niliipigia mstari kwa rula, mara mbili,
kama mwalimu wa hesabu aliyekwisha kuridhika.
Watu mia nne na kumi na mbili wanalipia gazeti langu:
kurasa nne, wino unaopaka vidole,
minyoo ya ndama, kutu ya maharage, bei ya majani ya chai.
Usiku huo nililala kama mbunge.

Asubuhi nikamwita Kageha anisomee majina.
La tatu, Elamu Lugadiru.
"Huyu tulimzika Agosti," akasema,
"mwanawe hutuma pesa tu, simu imezoea."
La tisa ni la hoteli.
La kumi ni la mke wa mwenye hoteli, meza ileile.
Themanini na nne waliandikishwa siku moja
na kijana wa mgombea udiwani;
alilipa kwa noti mpya, hakurudi kuuliza.
Nakala zao ziko nyuma ya mlango, kamba haijafunguliwa.
Panya amewashinda wote kwa kusoma.

Kageha akafunga daftari polepole,
vile mtu anavyofunika sufuria isiyotosha wageni.

Nikashuka hadi soko la Luanda nihesabu kwa macho.
Muuza njugu alikuwa amesokota makala yangu ya ndama
ikawa vikoni kumi na vitano.
Mtoto alikula njugu,
akamtazama ng'ombe wangu upande, pembe moja,
akamtupa.
Je, huyo nimwandike?

Halafu mvua. Nikajibanza kwenye kinu cha Asava.
Ukutani, kwa misumari minne, toleo la Mei,
jeupe kwa unga hadi herufi zinapiga chafya.
Asava hayumo daftarini. Hajawahi kunilipa hata ndururu;
nakala huiokota hotelini ikishachoka.
"Wanasoma wakingoja zamu," akasema. "Wasiojua husomewa."
Nikapangusa unga kwa kiganja.
Pembeni mwa makala, kwa penseli, mwandiko wa mtu wa kwanza:
*Dawa hii tulijaribu. Haifai. Tumia majivu.*
Chini yake, mwandiko mwingine:
*Majivu ya nini?*
Na wa tatu, umebanwa ukingoni kwa kukosa nafasi:
*Ya mabua ya maharage, lakini*

Hapo karatasi ikaisha.

Nilikulia nyumba ya ng'ombe mmoja; mama alinifunza
kwamba mwenye haraka hupima maziwa pamoja na povu.
Weka ndoo chini. Ngoja. Ongea habari nyingine.
Kinachobaki ndicho utakachopeleka barabarani,
na hata hicho hakikwambii
ni jirani yupi aliyekunywa kikombe gizani akapona.

Sikulichana daftari. Mchapaji ana haki ya kuuliza, nakala ngapi?
Nami nina haki ya kutojibu kwa kifua mbele.
Mia nne na kumi na mbili nimeifuta,
nimeiandika tena, kwa penseli.

Na toleo lijalo, nimemwomba jambo moja tu:
aniongezee pambizo.