Ngozi ya Siku Tatu

Kuku wa Winifred Tyson hawakunifundisha kitu.
Nasema mapema, usije ukangoja.
Wanadonoana, wanasahau, wanataga,
na jogoo wao huwika saa nane za usiku
kwa kuwa mtu kawasha taa zizini.
Bata bukini nao ni makarani:
ukipita mikono mitupu, kelele,
ukipita na ndoo, kelele.

Lakini kondoo.

Ilikuwa Aprili, bonde la Eskdale,
mvua ikija kwa ubavu,
nami ndani ya koti la marehemu mumewe,
mikono yake imenipita vidole,
mfukoni bado mna kamba
na peremende iliyogandana na karatasi.
Kondoo namba arobaini na moja akazaa mfu.
Akamlamba. Akamlamba tena.
Akapiga kwato chini
kama agongaye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Winifred hakusema pole.
Alikaa juu ya bunda la nyasi, akakunjua kisu,
akamvua yule mfu ngozi taratibu,
kama umvuavyo mtoto sweta akiwa usingizini:
shingo, mkono mmoja, kisha wa pili.
Akamvika yatima wa chupa, kutoka kona ya jiko.

"Huu si udanganyifu?" nikauliza.
"Ni harufu tu, Tully. Mengine watayamaliza wenyewe."
(Mimi ni Tluway. Jina limemshinda ulimi.)
Kwetu Mbulu ingekuwa barua ya mtendaji:
mwenye hii namfahamu, mpokeeni.

Kondoo akanusa mkiani. Akasita.
Yatima akasimama ndani ya jina la mwingine,
magoti yakimcheza.
Teke ndilo lililotangulia, usidhani.
Na la pili.
Kiwele alikipata alfajiri.

Siku ya tatu, ile ambayo mgeni hupewa jembe,
ngozi ilianza kuoza. Tukaikata, tukaifukia.
Kondoo akageuka
akamwona mtoto mweupe
pale jana palipokuwa na mweusi,
akanusa mkia uleule,
akaendelea kulamba.
Maziwa yalikwisha kumpitia ndani,
harufu sasa ilikuwa ya wote wawili.

Nimelifikiria hilo nikisugua ndoo.
Nilitaka liwe somo jepesi,
la kuwaandikia nyumbani: vumilieni, mtapokewa.
Ila kuna yule mdogo chini ya ukuta wa mawe,
aliyetoa nguo yake ya pekee
na hakuna aliyemwuliza.

Jioni nikalitundika koti kwenye msumari wake.
Winifred alidhani nimeshatoka.
Akaweka uso begani mwa koti,
akakaa hapo kitambo,
kisha akalitungua, akanifuata nalo uani.

"Kesho baridi," akasema.
"Na wale kuku hawajalishwa."