Mkebe wa Jumapili

Jumamosi, Montevideo, mvua ya Juni.
Zulma kakata tiketi tatu kwa mkupuo:
saa nane, saa kumi na moja, saa mbili usiku;
katikati hula mkate na jibini chooni,
bawabu hataki makombo.

Jumapili yuko gulioni kabla ya wachuuzi,
anapangusa mikebe kwa ncha ya shali.
"Huu una nini?"
"Kutu, mama."
Akaununua.

Projekta hana, iliuzwa Anselmo alipougua.
Hunyoosha ukanda dirishani, picha baada ya picha:
mtoto wa watu, ufukweni,
anataka kupiga chafya,
anataka,
pua imekunjamana, bado anataka,
hapo ukanda umekatika.

Zulma, jikoni, sufuria inaungua:
"Afya, mwanangu."