Gramu Mia Mbili

Jumatatu, kabla chai haijamiminwa,
namkalisha Bi Doreen kwenye kiti cha mizani.
Kilo thelathini na tisa, nukta nne.
Wiki iliyopita ilikuwa nukta tisa.
Naandika kwa wino mwekundu,
namwambia mpishi azidishe krimu kwenye uji,
siagi kwenye viazi,
sukari popote sukari inapoweza kujificha.

Yeye hajui kilo. Anahesabu kwa mawe,
kama walivyohesabu wakubwa wake hapa Halifax.
"Siku ya harusi nilikuwa mawe tisa," ananiambia,
"na mwezi mzima nimeshindia biskuti na chai kavu
ili zipu ya gauni ikubali."
Miaka ishirini na sita alifungasha tofi kiwandani
na hakuonja, anaapa, zaidi ya tatu.
Leo nikimwekea tofi ulimini inakaa tu,
inayeyuka yenyewe
kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Saa nane natoka. Napanda kilima, mvua ya manyunyu.
Saa ya mkononi, niliyoikopa kwa miezi kumi na minane,
inatetemeka: hatua elfu sita, bado elfu nne, mvivu we.
Haisemi mvivu. Hilo nalitia mimi.
Lakini haikuhesabu nilivyomgeuza Bi Doreen ubavu kwa ubavu,
wala Bwana Arkwright na mguu wake mmoja,
wala mashuka, wala ndoo.
Inajua kwenda. Kubeba haikufundishwa.

Klinikini nesi Gillian ananigeuzia chati:
kijani, manjano, na mimi huko kwenye rangi ya chungwa.
Anasema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba.
Anauliza mkate. Anauliza wali.
Wali kidogo, nasema
(sufuria yangu, bahati huna mdomo).

Jioni hiyo hiyo Mwanakheri, kutoka Pangani,
ananikodolea macho kwenye simu:
"Mashavu yamekwenda wapi? Huli huko?
Mwili haujengwi kwa matofali, mwenzangu!"
Chungwa kwa Gillian, ng'onda kwa dada yangu.
Namwonyesha sahani.
Kwa kisigino naisukuma mizani yangu chini ya kitanda.

Usiku nasimama mbele ya kioo cha kabati,
nguo zote sakafuni.
Michirizi ya tumbo, ya mtoto wa kwanza na ya wa pili.
Paja linalosuguana na mwenzake lipende lisipende.
Bega la kulia limemzidi la kushoto:
hilo ni la Bi Doreen, limeota kwa ajili yake.
Nikilipunguza, nani atamwinua?

Mwalimu wangu wa Kiswahili atanisamehe,
shairi hili nimeliandika bila mizani.
Nimepimwa vya kutosha.

Jumatatu ya pili, alfajiri, napanda juu ya kioo changu baridi:
gramu mia mbili zimeongezeka.
Siku tano za kabichi! Nikakaa ukingoni mwa beseni,
nikalia kwa sauti ya chini nisiwaamshe watoto.
Saa tatu asubuhi, kiti cha mizani:
Bi Doreen, gramu mia mbili zimeongezeka.
Mpishi akaja mbio na mwiko mkononi,
Bwana Arkwright akapiga meza,
tukashangilia kama tumefunga bao.

Zile zile. Gramu zile zile.

Ananishika mkono, hapa juu, penye nyama,
anaubonyeza kama anayechagua parachichi.
"Mkono mzuri huu," anasema. "Wasikunyang'anye."
Sikumuuliza akina nani.
Akachomoa tofi mfukoni mwa kizibao,
karatasi imenata, ya tangu lini sijui,
akanitia kiganjani kama anayetoa hongo.

Nikaila kilimani, kwenye manyunyu,
saa ikitetemeka, ikitetemeka,
nami meno yamegandana, siwezi kuijibu.