Kiberenge cha Alhamisi

Zdislava aliingia na theluji mabegani,
kompyuta ndani ya mfuko wa turubai,
akasema ametumwa kuifundisha mashine
stesheni ya Suchá Lhotka ni nini.

Si kuionyesha picha. Kuiambia.
Kwamba kipande cha reli kimekaliwa au ni kitupu,
hakuna hali ya tatu.
Kwamba kijani cha kaskazini na kijani cha kusini
ni wake wenza, hawakai chumba kimoja.
Kwamba kibadilisha njia hakigeuki
treni ikiwa juu yake.
Mistari mia mbili na kumi na sita ya namna hii,
kila mmoja mkavu kama mkate wa juzi.

Drahomíra, miaka ishirini na tisa kwenye meza ya ishara,
alimimina chai, akatia limau,
akauliza hicho kitu kitafanya nini na yote hayo.
"Kitatafuta ajali," Zdislava akajibu.
"Kitapita kila njia ya mambo kwenda mrama,
kila mpangilio wa taa na treni na sekunde,
na kama ajali haimo
kitathibitisha haimo."

Sisi tulishasema ajali haina kinga,
tukalaza kichwa, tukafumba jicho.
Haina, au hatujaitafuta?

Mashine ilifikiri muda wa kuchemsha birika moja.
Ikaandika: SALAMA.
Zdislava akaanza kukunja nyaya.
Drahomíra alilitazama lile neno
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na hajajua bado imepungua kiasi gani.

"Na kiberenge?"
"Kiberenge kipi?"

Cha Vavřinec. Kila Alhamisi asubuhi, akikagua mataruma.
Chepesi mno; baridi ikija na reli ikishika kutu
umeme hauyahisi magurudumu yake,
na mezani kipande kile husomeka kitupu
huku mtu mzima amekaa juu yake anavuta sigara.

"Hukuniambia."
"Hukuniuliza. Uliuliza habari za treni."

Na kweli, katika ile mistari
ulikuwemo mmoja, wa tisa, ulioandikwa bila kufikiri:
kila kilicho relini ni treni.

Waliufuta. Wakaandika kwa shida, wakibishania kila neno:
kuna vilivyo relini visivyoonekana.
Kuonekana kitupu si kuwa kitupu.
Ukisoma mbio utadhani ni maneno ya msahafu.

Safari hii birika lilichemka, likapoa.
Mashine haikutoa neno moja. Ilitoa kisa:

Alhamisi. Treni ya mizigo imechelewa dakika sita.
Kiberenge kimevuka taa ya tatu.
Meza inasoma kitupu.
Kibadilisha njia kinageuka, kinaruhusiwa.
Kijani.
Sekunde kumi na moja.

"Haijapata kutokea," Drahomíra alisema.
"Mizigo haichelewi dakika sita. Huchelewa ishirini, au haichelewi."
Kisha kimya, midomo ikihesabu.
"Mwezi wa pili, mwaka ule wa barafu. Sita. Labda saba."
Akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili.

Kanuni mpya ni fupi. Vavřinec akitaka kuingia,
achukue ufunguo wa shaba mezani;
ufunguo usiporudi, kijani hakiwaki.
Mashine ikaandika tena SALAMA.
"Kwa tulichokiambia," alisema Drahomíra.
"Kwa hicho tu," alisema Zdislava.

Alhamisi iliyofuata Vavřinec alisimama mlangoni,
buti zinavuja maji sakafuni,
akawalaani kwa dakika nne nzima
wasomi wa mjini na ufunguo wao.
Drahomíra alimwacha amalize.

Treni ya mizigo ilipita imechelewa.
Aliandika saa kwenye daftari,
na mbele yake, pale pa maelezo,
hakuandika kitu.