Mlango Unawasha

Mlango unawasha, alisema Mwanamkasi,
ndoo ya nguo kichwani, miguu imelowa umande,
na bosi wake akacheka: mlango unawashaje,
au umeota upupu?

Ni kule Sahare, nyuma ya ua wa michongoma,
ndipo Shemhilu alipoiegesha trela yake
aliyoinunua kampuni ya barabara ilipovunja kambi:
kitanda, jiko la sahani mbili, friji ya kimo cha mtoto,
pazia za maua, na matairi manne
yaliyopasuka midomo kwa jua.
Wageni wa wikiendi wanaipenda.
Nyumba yenye magurudumu, wanasema, wanapiga picha.

Mimi nilitoka Ngamiani na tesita na mashaka.
Nikagusa kitasa kwa mgongo wa mkono.
Kamwe si kwa kiganja: kiganja kikipigwa hufumba,
na ukifumba umeshamkumbatia
anayekuua.
Tesita ikafumbua jicho lake jekundu.

Bodi nzima. Ngazi. Fremu ya dirisha.
Hata ndoano ya kuning'inizia taulo.
Trela ilijaa umeme kama mtungi,
imekaa juu ya mpira, haigusi chini,
inamsubiri mwenye miguu ya maji
aje awe bomba lake.

Nikafuata waya kutoka nyumba kubwa.
Umepita chini ya mlango, bawaba imeutafuna,
shaba inachungulia.
Nikafungua soketi: waya wa kijani na njano
umekatwa, umekunjwa, umefungwa utepe mweusi
kama mtu aliyezibwa mdomo.
Fundi aliyetangulia aliichoka breka.
Kila akiiwasha inaruka, akiiwasha inaruka,
mwisho akaipitia kando, ikanyamaza.
Shemhilu alimlipa kwa ukimya ule.

Mzee, nikamwambia, breka haikuwa korofi.
Ilikuwa shahidi.
Umeme hauna kisa na mtu, haumjui Mwanamkasi.
Una safari moja tu, kurudi ardhini,
na usipoupa njia
utakufanya wewe njia.

Fimbo ya kwanza ya shaba ikagonga jiwe la matumbawe,
hata mita haijafika. Tukasogea. Ikapinda.
Ya pili tukaipeleka kwenye mgomba
unaokunywa maji ya bafu, nayo ikazama
kama kidole kwenye ugali wa moto.
Kutoka pale waya hadi kwenye chesesi,
kutu nikaikwangua
mpaka chuma kikaonyesha meno.
Kisha breka mpya, ile inayohesabu
kinachotoka na kinachorudi,
na hesabu ikipungua hata punje, inakata
kabla moyo haujauliza kuna nini.

Ina kitufe. Mwezi ukiandama, kibonyeze.
Isipokata, usimlaze mtu humu,
hata awe amelipa wiki nzima.

Shemhilu akaizunguka trela mara mbili,
mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe.
Laki na nusu, akasema, na sioni kitu.
Taa ni zilezile.

Kweli. Nilimuuzia jambo lisilotokea,
na jambo lisilotokea halina rangi
wala halipigwi picha.
Akanipa laki, na mkungu mdogo wa ndizi
wa mgomba uleule.

Nilikuwa nafunga mkoba Mwanamkasi aliporudi.
Akatua ndoo. Akasimama peku
kwenye mchanga uliolowa mbele ya ngazi.
Akatanguliza mgongo wa mkono,
hakuna aliyemfundisha, au labda alinichungulia.
Akangoja.
Akageuza kiganja, akashika, akavuta.

Umenyamaza, akasema.

Neno hilo limewahi kunidanganya.
Nikafungua mkoba, nikatoa tesita upya.